Kasha la pombe litatoka wapi?
Mazungumzo ya redio kwa familia zilizohamishwa na vita na kwa wazee na mashefu wa Rutshuru

Ninawasalimu ninyi wa Kiwanja na wa Rutshuru-centre, wa Rubare na Kalengera, wa Jomba na Bunagana, wa Tongo na Bambo. Ninawasalimu ninyi mlio katika nyumba zenu, na ninyi mlio katika nyumba za wengine, ama mashuleni, ama makanisani, kwa sababu vita viliwatoa kwenu. Na ninawasalimu kwa heshima wazee wetu na mashefu wa vijiji na wa makartie, maana leo nina neno na ninyi hasa.

Leo tunazungumza juu ya pombe. Najua kuna baba mmoja mahali fulani amekwisha kunyosha mkono ili azime redio. Anasema, “Wameanza tena mahubiri yao.” Baba, ngoja kidogo. Sikuja kukuhubiria. Mimi mwenyewe nilikulia katika boma ambamo mtungi wa kasiksi haukukauka. Babu yangu hakuoa bila pombe, hakutoa binti bila pombe, hakuzika ndugu yake bila pombe. Wazee waliketi kuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake, na aliyelewa alipelekwa kulala, na siku ya pili alichekwa. Hayo ninayajua. Lakini mtungi ule wa babu na bidoni ya kanyanga tunayoiona leo njiani si kitu kimoja, na mambo ya leo si mambo ya babu.

Kilichonileta hapa ni swali la mama mmoja. Sitataja jina lake wala kijiji chake. Mama huyu alirudi kwake baada ya kuishi miaka katika kambi. Akakuta nyumba haina mabati, shamba limekuwa msitu. Akaanza upya. Akalima kwa watu, kibarua cha siku, siku baada ya siku, akaweka pesa kidogo ndani ya kitambaa ili anunue mbegu ya maharage. Usiku mmoja mume akaziona, akazichukua, akaenda nazo kabareni. Alirudi hana kitu, na mama alipouliza, akapigwa. Asubuhi wakaitwa kwa shefu. Wazee wakasikiliza, wakakata kesi vizuri kabisa: baba ana makosa, alipe lamande, nayo ni kasha moja la pombe ya chupa kwa wazee waliosikiliza.

Ndipo mama akauliza: “Kasha hilo litatoka wapi, kama halitatoka tena katika mikono yangu?”

Hakuna aliyemjibu. Naomba leo tujaribu kumjibu.

Tuanze na vitu tunavyokunywa, maana watu husema “pombe” kana kwamba ni kitu kimoja. Mutobe, maji ya ndizi yaliyokamuliwa leo, si pombe. Ukiyatia unga wa mtama uliokaangwa na kuyafunika siku moja ama mbili tatu, yanakuwa kasiksi. Mtama wenyewe unatupa ikigage. Halafu kuna Primus na bia nyingine za chupa. Chupa kubwa ya santilita 72 yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu karibu 28 za pombe halisi. Sasa chukua kanyanga. Kanyanga imepikwa, mvuke umekusanywa, nguvu inaweza kufika asilimia 40 na kupita. Robo lita tu ya kanyanga ya namna hiyo ina pombe karibu sawa na chupa tatu kubwa za bia. Na robo lita ile mtu anaimaliza amesimama, kabla ya kuuliza habari za nyumbani. Bei yake ni ndogo kuliko ya chupa moja. Ndiyo maana maskini anakunywa iliyo kali kuliko ya tajiri.

Nitarudi kwenye hesabu hiyo, maana inawahusu mashefu.

Kwa nini mtu aliyehamishwa na vita anakunywa sana? Wengine wanasema ni uvivu. Hao hawakukaa chini ya turubai. Nyumbani, baba alikuwa na shamba, mbuzi, neno barazani. Kambini hana shamba. Karata ya chakula imeandikwa, mara nyingi, kwa jina la mkewe. Mtoto akiomba daftari anaangalia mama, haangalii baba tena. Asubuhi hadi jioni hakuna kazi, na usiku yale aliyoyaona njiani yanarudi kichwani. Pombe inampa saa tatu nne za kutoyaona. Nasema hivi si kwa kumtetea. Ni kwa sababu ukitaka kumsaidia mtu, ni lazima ujue anakimbia nini.

Wenye umri wanakumbuka mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Katale na Kahindo, hapa hapa Rutshuru, na Kibumba na Mugunga kwa upande wa Goma. HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, lilihesabu biashara zilizokuwa katika kambi za Goma wakati ule. Maduka yalikuwa 589. Maduka ya dawa yalikuwa 51. Baa zilikuwa 2,324. Sitoi hesabu hii ili tuwacheke watu wa Rwanda. Ilikuja zamu yetu. Oktoba 2022 vita vilipoingia Kiwanja na Rutshuru-centre, maelfu ya watu wetu walitelemka hadi Kanyaruchinya, wengine Bulengo na Lushagala, na kanyanga haikuchelewa kuwafuata. Februari 2025 kambi za kuzunguka Goma zikabomolewa, watu wakaambiwa warudi makwao. Wengi walirudi na vyungu viwili na godoro moja. Na kiu waliyoizoea kule walirudi nayo pia.

Sasa nizungumze na mama anayepika kanyanga. Usikasirike, mama. Najua wewe ni nani. Pengine ni mjane. Serikali ilitangaza Septemba 2019 kwamba shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini daftari si bure, uniformi si bure, na sekondari inalipwa. Bidoni yako ndiyo shamba lako. Kiongozi anayefika kwako na vijana, akamwaga bidoni, akavunja mapipa, na kuondoka na ile iliyobaki kwenda kuinywa mwenyewe (tumeyaona, tusijifiche), amekunyang'anya bila kukuonyesha njia nyingine. Na wiki ijayo utapika tena, ndani ya migomba, mbali zaidi.

Hata hivyo, mama, sikia. Aprili 2010, kule Kabale, Uganda, siyo mbali, ukipita Bunagana na Kisoro, watu wapatao 80 walikufa katika majuma machache kwa kunywa waragi ya kienyeji iliyochanganywa na methanoli. Methanoli ni pombe ya viwandani. Kwa macho ni kama maji, harufu yake ni ya pombe, na huwezi kuitambua kwa ulimi. Mara nyingi ni mchuuzi wa katikati anayeitia ili bidoni moja iwe mbili. Kwa hiyo aliyepika vizuri na anayeuza sumu wanaweza kuwa watu wawili, na jina linaloharibika ni lako. Mtu aliyekunywa sumu hiyo huonekana mzima usiku ule. Kesho yake, baada ya saa 12 ama 24, kichwa kinauma sana, tumbo linakata, anatapika, na anasema naona ukungu, naona kama kuna moshi. Asilazwe nyumbani eti ni hangova. Apelekwe hospitalini saa ile ile. Akichelewa atapofuka, ama atakufa.

Njia nyingine ya kupata pesa iko wapi? Nitasema kweli: hakuna kitu kidogo kinacholipa haraka kama kanyanga. Mutobe wa leo, ukiuzwa katika soko la Kiwanja asubuhi, unapata wanunuzi, lakini kesho unakuwa kasiksi wenyewe. Mandazi yanalipa kidogo kidogo. Kinachoweza kumtoa mama katika kanyanga ni mtaji, na mtaji tunao njia ya kuupata: likirimba, ama vile vikundi vya kuweka na kukopeshana mnavyoviita AVEC. Nawaomba akina mama wenye vikundi, msimfukuze mpika kanyanga mkisema ni mtu mbaya. Mpeni zamu ya kwanza. Anajua biashara kuliko ninyi nyote.

Tuingie sasa ndani ya nyumba. Sitaongea sana juu ya kupigwa; kila mtu anayejua maana ya mlango kupigwa teke saa nne ya usiku hahitaji kuelezwa. Nitasema mambo ambayo hatuyasemi.

La kwanza ni watoto. Kuna nyumba ambamo chakula kimekosekana, mtoto analia, na anapewa kasiksi kikombe kidogo ili alale. Analala, na tunadhani ameshiba. Pombe ndani ya tumbo tupu la mtoto inashusha sukari ya damu. Mtoto anaweza kuzimia, akapata degedege, akafa, na sisi tukasema ni malaria ama amerogwa. Tusiwape. Hata kidogo. Hata kwa sababu bibi alifanya hivyo.

La pili ni mama mwenye mimba. Pombe anayokunywa inapita hadi kwa mtoto aliye tumboni, na ini la mtoto yule bado halina nguvu ya kuisaga. Anaweza kuzaliwa mdogo, na akili yake ikachelewa maisha yote. Hakuna kipimo ambacho daktari anaweza kukuambia, kunywa hiki, hakitadhuru. Mama wengine nao wanakunywa kwa sababu ya mambo waliyotendewa vitani na hawawezi kuyasema. Tusiwacheke njiani. Na yeyote aliyebakwa, awe amekunywa ama hakunywa, afike kituo cha afya kabla siku tatu hazijaisha, maana dawa ya kuzuia ukimwi inafanya kazi ndani ya saa 72 tu. Hakuna mtu mwenye haki ya kumuuliza kwanza, “Ulikuwa unafanya nini kabareni?”

La tatu ni pesa. Mama, usibishane na mlevi usiku. Hutamshinda kwa maneno, na maneno yako hatayakumbuka. Panga, mchi na mwiko viwe mahali asipovifikia. Mkubaliane na jirani mapema, mchana, kwamba ukibisha hodi na watoto atafungua bila kuuliza. Pesa za mbegu zikae kwa mama mwenzako wa kikundi, zisilale kwenye kitambaa. Kumwambia yote hayo kunafanyika asubuhi, akiwa amekula kitu, na mbele ya mtu anayemheshimu: kaka yake mkubwa, rafiki yake wa kanisani ama wa msikitini, mwalimu wake wa zamani. Asiambiwe kwa kelele, na asiambiwe na watu kumi.

Sasa nafika mahali ambapo pombe inatoka nyumbani na kuharibu amani ya kijiji. Hapa nitakaa, maana naona hatujakaa vya kutosha.

Tuchukue mfano. Mtu amekimbia. Baada ya miaka mitatu anarudi, na anaona kwamba jirani aliyebaki, ama aliyerudi mbele yake, amelima mistari mitano ndani ya shamba lake. Mti wa mpaka umeng'olewa, ama ulikauka, hakuna anayejua. Jambo kama hili linatengenezwa. Wazee wawili waliopanda mti ule wakiwa hai, wanakwenda, wanaonyesha, mtu anarudisha mistari yake baada ya kuvuna, kwisha. Limetengenezwa mara nyingi hapa kwetu. Lakini watu hawa wawili wanakutana kwanza kabareni, Jumamosi jioni. Neno la kwanza ni juu ya mistari mitano. Neno la pili ni tusi. Neno la tatu ni kabila. Na likishatoka neno la kabila, walio kwenye viti vingine wanasimama, kila mtu upande wake. Mmoja anapasuliwa chupa kichwani. Kesho yake hakuna anayezungumza juu ya mistari mitano. Habari inayofika katika kijiji cha pili ni kwamba watu wa kabila fulani wamemjeruhi mtu wetu. Na katika nchi yenye vijana wenye bunduki kila upande, habari ya namna hiyo haifiki mahali ikalala.

Wewe uliyekuwepo na uliyekuwa hujalewa, una kazi siku ile. Asubuhi sana nenda useme ulichokiona: walianza kwa mistari mitano. Sema hivyo kwa shefu, sema hivyo kwa familia zote mbili. Rudisha ugomvi kwenye shamba, maana shambani unaweza kupimwa.

Na juu ya watu wenye silaha, nitasema jambo moja kwa wenye kabare, bila kuuliza silaha ni ya upande gani. Bunduki ikiingia, biashara ya siku ile imekwisha. Usimfukuze, hutaweza. Sema pombe imekwisha, ficha iliyobaki, zima taa, wateja watawanyike kidogo kidogo. Makamanda wenyewe wanajua kwamba askari mlevi anaua hata mwenzake. Mashefu wanaweza kuwaomba, kwa heshima na mchana, wawakataze vijana wao kubeba silaha kabareni. Mwingine atakubali.

Wazee wangu, mashefu wangu, sasa ni zamu yenu. Mnisamehe, mimi ni mtoto wenu.

Tangu zamani mkosaji alileta pombe, na waliogombana walikunywa pamoja mbele ya wazee. Ilikuwa na maana yake. Aliyekubali mrija katika mtungi mmoja na adui yake alionyesha watu wote kwamba hatamtilia sumu wala yeye hataogopa sumu. Pombe ile ilitoka katika migomba ya mkosaji mwenyewe, na ilinyweka mara moja. Leo mkosaji hana migomba. Kasha linanunuliwa dukani kwa pesa taslimu. Wanaokunywa ni wazee peke yao, na waliogombana wanaangalia. Halafu kuna jambo ambalo watu wanalisema njiani, ila hawalisemi mbele yenu: mwenye uwezo wa kuleta kasha kabla ya kesi, hashindwi kesi. Mjane ambaye hana kasha haji barazani kabisa. Anakaa na uchungu wake, ama mtoto wake wa kiume anakwenda kutafuta wenye bunduki wamkatie kesi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na naanza na jepesi.

Msisikilize kesi ya usiku usiku. Nilisema nitarudi kwenye hesabu. Mwili wa mtu unasaga pombe polepole, karibu gramu saba ama nane kwa saa, hauharakishwi na kahawa wala maji baridi wala kulala. Chupa moja kubwa inataka karibu saa nne. Aliyekunywa chupa tatu hadi saa mbili ya usiku anaweza bado kuwa na pombe damuni kunapokucha, na aliyekunywa kanyanga ana zaidi. Usiku, kazi yenu ni kuwatenganisha tu: huyu alale kwa kaka yake, mama na watoto walale kwa jirani. Kesi ianze saa nne ya asubuhi, ama mchana. Na anayefika akiwa amekunywa, awe mshitaki, awe shahidi, awe mzee wa baraza, arudi kesho.

La pili, lamande isiwe pombe. Iwe jembe, iwe kuku, iwe siku za kazi katika shamba la aliyekosewa. Na kama kuna malipo ya wazee kwa kazi yao, na wazee wanakula kama watu wengine, yaandikwe, yajulikane, yawe sawa kwa tajiri na maskini. Mkitaka watu wanywe pamoja ili waonekane wamepatana, mutobe upo. Katika kijiji kimoja nilichopita waliogombana walikula bugari katika sahani moja, na mbele ya watoto wao. Sikuona mtu aliyesema upatanisho ule ulikuwa na upungufu.

La tatu ni gumu zaidi, ni kabare zenyewe. Tanzania ilikataza pombe ya viroba, zile pakiti ndogo za plastiki, kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Uganda ikafanya vile mwaka 2019. Watengenezaji wengine walihamia kwenye chupa ndogo, hilo ni kweli, sitaki kuwadanganya kwamba ulevi uliisha. Lakini mtoto wa shule hakuweza tena kununua pakiti kwa bei ya peremende. Sisi hatuna uwezo wa kutunga sheria ya nchi hapa. Tuna uwezo wa kukubaliana kijijini: kanyanga isiuzwe karibu na shule, isiuzwe kabla ya saa tisa mchana, isiuzwe kwa mtoto aliyetumwa na chupa hata kama anasema ni ya baba. Na siku ambayo chakula ama pesa za msaada zinagawanywa, kabare zote zifungwe hadi kesho yake. Mapatano haya yafanywe pamoja na wenye kabare na akina mama wapika pombe, wakiwa wameketi ndani ya mkutano. Mkiyaandika ninyi wanaume watano na kuyasoma Jumapili, hayatamaliza mwezi.

Nimebaki na wewe unayekunywa. Bado hujazima redio? Vizuri.

Jiulize peke yako. Ulikwisha kusema utapunguza ukashindwa? Unakasirika watu wakikutajia pombe? Unaamka na aibu? Mikono yako inatetemeka asubuhi hadi upate kikombe kimoja? Ukijibu ndiyo mara mbili ama tatu, wewe si mtu mbaya. Una ugonjwa unaojulikana. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 2.6 waliokufa kwa sababu ya pombe katika mwaka mmoja tu wa 2019, na kati yao kuna maaskofu na maprofesa, nina hakika.

Lakini sikia neno hili, na walio pamoja nawe walisikie. Kama umekunywa kila siku kwa muda mrefu, na kama asubuhi unatetemeka, usiache kwa ghafula ukiwa peke yako. Saa chache baada ya kikombe cha mwisho kutetemeka kunaongezeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio. Siku ya kwanza ama ya pili mtu anaweza kuanguka kifafa. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuona watu wasiokuwepo, kusikia sauti, kupigana na ukuta. Huko kwetu wanasema pepo limekataa kutoka, na wanamfunga katika chumba cha maombi bila maji. Wengine wanafia humo. Ombeni, sikatazi. Ombeni mkiwa naye kituo cha afya. Muuguzi ana dawa ya kutuliza, ana vitamini B1 ambayo mwili wa mlevi umekwisha kuipoteza, na anajua lini ampeleke hospitali kuu. Siku tano hadi saba ngumu zinapita.

Baada ya hapo ndipo kazi inapoanza, maana kabare iko palepale njiani. Mwaka 1935, Marekani, katika mji wa Akron, walevi wawili, mmoja mfanyabiashara, mwingine daktari wa upasuaji, waliona kwamba kila mmoja anaweza kukaa bila kunywa akiwa anamsaidia mwenzake asinywe. Hawakuwa na dawa wala pesa ya mradi. Waliketi tu na kusemezana kweli, siku kwa siku, na watu katika nchi nyingi wamefanya hivyo tangu wakati ule. Sisi tuna miti ya kukaa chini yake. Watu watatu walioacha wanatosha kuanza, Jumamosi jioni, saa ile ile ambayo miguu inajua njia ya kabare. Na wapewe kazi. Mtu aliyeacha pombe na ambaye hana jembe mkononi atarudi.

Nimalizie habari ya mama yule. Alipouliza swali lake, mzee mmoja wa baraza aliomba kesi isifungwe. Wakarudi siku ya pili, saa nne, bila kasha. Wakaamua baba alime kibarua siku sita kwa mwenye shamba mmoja, na malipo yapokelewe na mama kila jioni, mbele ya mzee yule, hadi pesa za mbegu zitimie. Siku ya kwanza alifika. Siku ya pili alifika akiwa amechelewa. Siku ya tatu hakuonekana, na watu wakaanza kusema, si tulijua. Siku ya nne alifika kabla ya wengine, macho mekundu, akachukua jembe bila kumsalimu mtu. Mimi niliondoka jioni ile. Mvua ya kupanda ilikuwa bado majuma mawili.

Kwaherini, wasikilizaji.